Maswali ya Fasihi: Shairi Kwanza, Istilahi Baadaye

Kidato cha tano wameripoti mwezi huu, na barua zimekuja pamoja na baridi ya Julai. Nimechagua sita. Nilifundisha Kiswahili kidato cha tano na sita kwa miaka thelathini na moja, kumi ya kwanza Moshi na iliyobaki hapa Arusha, na nitajibu kama mtu wa darasani. Walioandika kuhusu ada na uhamisho wa shule wanisamehe, hayo si ya safu hii.

Shikamoo Mwalimu. Nimepangiwa kufundisha HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano hapa Moshi, na huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Nimeandaa orodha ya istilahi sitini za fasihi pamoja na maana zake. Nataka wiki mbili za mwanzo wanafunzi waziandike na kuzikariri, ndipo tufungue vitabu. Mwenzangu wa idara anasema napoteza muda. Unanishauri nini?
*Mwalimu mpya, Kiboriloni*

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na karibu kwenye kazi. Mwenzako amekuambia kweli. Orodha hiyo iweke kwenye droo. Utaihitaji kidato cha sita wakati wa marudio.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka wangu wa tatu kazini nilifanya hivyohivyo. Wiki tatu nzima niliandika ubaoni nao wakanakili: tashibiha, sitiari, tashihisi, tafsida, mubalagha, takriri, mpaka kauntabuku zikajaa. Nikatoa jaribio la maana za istilahi, darasa zima likafaulu. Jumatatu iliyofuata nikaandika ubaoni mshororo mmoja nilioutunga mwenyewe: *Njaa imevua viatu mlangoni mwetu.* Nikauliza kuna tamathali gani humo. Binti mmoja wa mstari wa mbele, aliyepata ishirini kwa ishirini kwenye lile jaribio, akasimama. "Mwalimu, hakuna. Ni njaa tu."

Nikamuuliza, kwenu anayevua viatu mlangoni ni nani? Akasema mgeni. Na mgeni anayepita tu kuuliza njia, huvua viatu? Hapana, huyo husimama nje. Sasa anayevua? Akafikiri. "Anayevua amekuja kukaa." Kisha akatazama tena ubaoni, na nikaona uso wake ukibadilika. "Mwalimu, kumbe njaa imekuja kukaa!" Ndipo mwenzake wa nyuma akaropoka kwamba njaa imefanywa mtu. Neno tashihisi lilikuwa ndani ya daftari zao kwa wiki tatu, lakini siku hiyo ndiyo walilipata.

Tangu hapo nilianza kila mwaka na maandishi yenyewe, na ninakuomba nawe ufanye hivyo. Ukitaka pa kuanzia, chukua beti mbili za kwanza za utendi wa Mwana Kupona binti Msham. Aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake, Mwana Hashima. Ziandike ubaoni, usieleze kitu:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia*

*Maradhi yamenshika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

Soma kwa sauti mara tatu. Watakuambia hiki si Kiswahili. Waambie ni Kiswahili cha kaskazini, cha pwani ya Lamu na Pate, kisha wape maneno matano tu: negema ni sogea karibu, sanati ni miaka, upulike ni usikilize, asa ni huenda, lema ni jema. Mengine waache wayatafute wenyewe. Usiwatafsirie ubeti mzima, maana ukishautafsiri umewanyang'anya kazi yao.

Halafu wahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa vidole. Wengi watapata saba kwenye mshororo wa kwanza, kwa kuwa wataitamka *binti* kwa mapigo mawili. Waache wabishane na jirani zao. Kisha waimbe taratibu: bi-n-ti. Ile *n* inasimama peke yake na inahesabiwa. Ukiwa na bahati, mmoja atauliza mbona *n* ya *wangu* haikuhesabiwa. Mshukuru mbele ya wenzake. Katika *wangu*, sauti ya *ng* imeshikamana na irabu inayofuata, tunatamka wa-ngu. Lakini *binti* imetoka kwenye Kiarabu, na *n* yake haikuungana na *t*. Watume wakatafute ndugu zake katika beti hizo mbili. Watarudi na *m* ya *mchachefu*, *n* ya *yamenshika*, *m* ya *kutamka*. Mwisho wa kipindi watakuwa na nane kila mshororo, mishororo yote minane, na hakuna aliyewaambia.

Wakishaona kwamba *ti* imejirudia mara tatu halafu ikaja *a*, na *ka* mara tatu halafu *a* tena, hapo sasa wape majina: mizani, vina, ubeti, mshororo. Watayashika kwa sababu kila jina lina kitu cha kukalia.

Usiishie kwenye kuhesabu, nakusihi. Rudi ubeti wa pili. Ni mama aliyelala mwaka mzima, na katika mwaka huo hajapata nafasi ya kumwambia mwanawe neno jema. Uliza: anayesema ni nani, anamwambia nani, na kwa nini leo? Darasa langu moja lilinyamaza kabisa hapo. Baadhi yao walikuwa wameacha wagonjwa nyumbani. Neno nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, waliliandika siku hiyo bila mimi kuwaambia "andikeni."

Mbele kidogo mama huyo anataja radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Wasichana watapinga. Wape nafasi wapinge kwa ushahidi wa beti, na wavulana wajibu kwa ushahidi wa beti. Usilizime. Mjadala huo ndio utakaowafundisha tofauti ya dhamira na msimamo, kwa kuwa watalazimika kutenganisha jambo linalozungumzwa na upande anaosimama mzungumzaji.

Nikuongezee jambo moja la historia, linipe nguvu katika ninayokuambia. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954. Kwa zaidi ya miaka mia moja kati ya hao wawili, watu waliendelea kutunga na kuimba kwa kusikia tu, na sikio likawatosha. Sophocles, mtunzi wa tamthiliya, alikwisha fariki Ugiriki kabla mwanafalsafa Aristotle hajazaliwa, na ni Aristotle ndiye aliyekuja kuzipa majina mbinu za tamthiliya zile. Kila mahali watungaji walitangulia na wataja majina wakafuata. Darasani mwetu tumegeuza mpangilio huo, halafu tunashangaa watoto wanaona fasihi ni kukariri.

Kwa daftari, nilikuwa nawafanyia hivi: kila istilahi inaingia siku ilipokutana nasi kwenye kitabu, ikiwa na mstari wake wa mfano na sentensi moja ya mwanafunzi mwenyewe inayosema mstari huo umemfanya aone au ahisi nini. Maana ya kamusi tunaiandika mwisho. Mwaka ukiisha anakuwa na istilahi arobaini hivi badala ya sitini. Zinatosha.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita Arusha. Nashindwa kutofautisha kejeli, kinaya na tashtiti. Kitabu kimoja kinasema kejeli ni kusema kinyume, kingine kinasema hicho ni kinaya, na mwalimu wa tuisheni anasema tashtiti ni dhihaka. Kwenye mtihani nitaandika ipi?
*Msomaji wa Ngarenaro*

Marahaba mwanangu. Kosa si lako. Vitabu vyenyewe havijakubaliana, na ni haki yako kuambiwa hivyo waziwazi.

Tashtiti tuimalize haraka. Katika vitabu vingi vya shule vya Tanzania, tashtiti ni swali ambalo muulizaji anajua jibu lake, analiuliza ili kutia mkazo: mtu kafiwa na mama, anauliza, "Mama, ndiyo umeniacha?" Wenzetu wa Kenya swali la namna hiyo huliita swali la balagha, na neno tashtiti wao hulipeleka upande wa dhihaka. Mwalimu wako wa tuisheni huenda amesoma vitabu vya huko. Wewe unafanya mtihani wa hapa, fuata vitabu vya hapa, na uweke mfano kila unapoitaja ili msahihishaji aone unachomaanisha.

Kejeli na kinaya zinataka subira. Kikao cha saa mbili asubuhi, mtu kaingia saa nne, mwenyekiti anamwambia, "Ahsante kwa kuwahi." Maneno yanasema hivi, maana iko kule. Huko kukinzana ndiko mimi nakokuita kinaya. Sasa tazama kusudio: mwenyekiti anataka yule bwana aone haya. Kule kuumiza ndiko kejeli. Sentensi moja imebeba yote mawili, ndiyo maana vitabu vinagombana. Lakini zinaachana. Ukimwambia mtu usoni, "Wewe mvivu, hata kuku wako wanakucheka," hiyo ni kejeli isiyo na kinyume chochote. Na nyumba ya fundi seremala ikiwa haina kiti hata kimoja, hicho ni kinaya, ingawa hakuna aliyemkejeli mtu.

Mfano bora wa kinaya ninaoujua uko katika tamthiliya ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, kisha akairudia kuisahihisha na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kaizari ameuawa. Brutus, mmoja wa wauaji, anahutubia umati wa Roma na umati unamkubali. Anampa Antony ruhusa ya kusema mazishini, kwa sharti kwamba asiwalaumu. Antony analitii sharti hilo. Anasema Brutus ni mtu wa heshima. Anaeleza Kaizari alivyojaza hazina ya Roma kwa fidia za mateka, na tena anasema Brutus ni mtu wa heshima. Anaeleza Kaizari alivyolia maskini walipolia, na tena Brutus ni mtu wa heshima. Anaeleza alivyokataa taji mara tatu. Tena sifa ileile.

Nilikuwa nampa mwanafunzi mmoja asome Antony, darasa liwe umati, na kila mmoja anyooshe mkono pale anapoacha kuiamini sifa ile. Mikono hainyooki pamoja. Wengine mara ya pili, wengi mara ya tatu, na daima kuna mmoja ambaye ananyoosha mwisho kabisa na kuulizwa na wenzake alikuwa wapi. Neno halikubadilika hata herufi, lakini kila linaporudi linakuta mambo mapya yamewekwa mbele yake. Hapo una takriri, yaani neno kurudiwarudiwa, inayojenga kinaya, na ukiandika hivyo kwenye insha yako, ukaonyesha hatua kwa hatua, msahihishaji hatakusumbua kwa jina.

Na ukishamaliza onyesho hilo usifunge kitabu. Linalofuata ni fupi sana: umati uliochochewa unakutana na mshairi aitwaye Cinna, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni Cinna mshairi. Hawajali. Wanafunzi huanza kucheka hapo, kisha kicheko kinawakatika.

Mwalimu, mimi ni mzazi. Binti yangu alikuwa na uwezo wa kuchukua masomo mengine, akang'ang'ania HKL. Sasa namkuta usiku anasoma mashairi ya watu wa kale wa Lamu. Nakuuliza kwa heshima, yatamsaidia nini mtoto wa Arusha katika kutafuta maisha?
*Mama wa Sakina*

Dada yangu, ahsante kwa kuuliza kwa heshima. Nami nakujibu kwa heshima hiyohiyo.

Ukitoka Sakina kwenda mjini kwa kifodi, ukafika maeneo ya Kaloleni, unaupita Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Binti yako ameupita mara mamia. Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu mwanzo wa mwaka, huyo Sheikh Amri Abeid alikuwa nani? Walisema mchezaji wa mpira. Wengine mfadhili wa uwanja. Ni yuleyule Amri Abedi niliyemtaja juu, mwandishi wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, ambaye pia alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, akafariki mwaka 1964. Alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika lina kasoro. Mtu huyo alitoka kupima mizani akaenda kusimamia sheria za nchi, na sioni ajabu. Kazi zote mbili zinataka mtu anayejua uzito wa neno.

Nikupe mfano mwingine wa uzito wa neno, nao ni wa mji wetu. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere akatoa tafsiri ya tamthiliya nyingine ya Shakespeare, ambayo kwa Kiingereza jina lake linamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice. Yeye hakuandika mfanyabiashara. Aliandika *Mabepari wa Venisi*, kwa wingi. Neno moja kwenye jalada, na msomaji wa wakati ule alikwisha ambiwa nani anatazamwa na kwa jicho gani. Mtoto aliyefundishwa kusimama kwenye neno kama hilo na kuuliza kwa nini hili, kwa nini lisiwe lile, hatasaini mkataba wa kazi bila kuusoma. Hataburuzwa na tangazo la mkopo. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani mahakamani, kwenye vyumba vya habari, kwenye ofisi za utalii wakiandikiana na wageni, na wengine wana maduka yao Soko Kuu. Siwezi kukuahidi kazi, dada yangu. Hakuna tahasusi inayoahidi.

Nakuomba jambo moja. Usiku ukimkuta na hayo mashairi, mwambie akusomee ubeti mmoja kwa sauti. Nyinyi wawili, jikoni, uji ukiwa motoni. Utendi wa Mwana Kupona uliandikwa na mama kwa ajili ya binti yake, na sidhani utausikia kama kitu cha watu wa kale.

Shikamoo Mwalimu. Kwenye jaribio tuliulizwa kwa nini tamthiliya fulani ni tanzia. Niliandika kwa sababu wahusika wanakufa. Nimepata sifuri na mwalimu hakueleza. Si tanzia maana yake ni taarifa ya kifo?
*Mwanafunzi, Majengo, Moshi*

Marahaba mjukuu wangu. Sifuri bila maelezo inauma, na ninasikitika. Umejibu kwa neno unalolijua. Kwenye makundi ya simu kila wiki tunasoma TANZIA kwa herufi kubwa, fulani amefariki, mazishi ni siku fulani. Neno ni hilohilo, ila katika tamthiliya limepewa kazi nyingine.

Soma *Mfalme Edipode*, tamthiliya ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1971. Ni tanzia ambayo karne kwa karne imetumika kuwa kipimo cha nyingine, na mwisho wake shujaa yuko hai! Amejitoboa macho, anaomba afukuzwe nchini, lakini hajafa. Basi si hesabu ya maiti.

Nini basi? Mji wa Thebes umepatwa na tauni. Mfalme anaapa kumtafuta muuaji wa mfalme aliyetangulia, anamlaani hadharani, na muuaji ni yeye mwenyewe bila kujua. Watazamaji wanajua. Hicho ni kinaya kikubwa, nimwambie na mwenzako wa Ngarenaro. Kisha anakuja mjumbe kutoka Korintho na habari njema: mfalme wa huko, ambaye Edipode anadhani ni baba yake, amefariki kwa uzee. Edipode anapumua, kwa maana alitabiriwa kumuua babaye. Mjumbe, kwa wema kabisa, anataka kumwondolea hofu iliyobaki, ya kumwoa mamaye, anamwambia: yule hakuwa baba yako wa kukuzaa. Na neno hilo la faraja ndilo linalomfungulia Edipode mlango wa kuujua ukweli wote. Aristotle alipoandika juu ya mpinduko, yaani tendo linaloleta kinyume cha lilichokusudiwa, mfano aliouchagua ni mjumbe huyu.

Weka pembeni yake *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Kinjeketile anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi, na imani ya maji inawaunganisha makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa chuki. Ni jambo jema, hakuna mwingine aliyeliweza. Baadaye yeye mwenyewe anaanza kulitilia shaka neno lake, lakini limekwisha toka, watu wameliamini kuliko wanavyomwamini yeye, nao wanaziendea bunduki za Wajerumani. Mwishoni, akiwa ametekwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anajua akisema hivyo, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Sasa jiulize: kilichowaangusha hawa wawili ni ubaya wao? Edipode anaanguka kwa bidii yake ya kuutafuta ukweli kwa ajili ya mji wake. Kinjeketile, kwa lile neno lililowaunganisha watu. Jibu lako la jaribio lilitakiwa lionyeshe njia hiyo, kutoka kwenye sifa njema ya mtu mpaka kwenye anguko lake, na mahali anapotambua. Mpelekee mwalimu wako jibu jipya. Usiende kudai maksi, mwombe alisome tu.

Mwalimu, darasani kwangu Moshi nataka kufundisha ishara kwa kutumia vitu vya Uchagani, lakini naogopa wataambiwa si fasihi ya Kiswahili.
*Mwalimu wa Rau*

Tumia isale, mwalimu, usiogope. Mwanafunzi wa Kichaga anajua kwamba jani hilo linapandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na makaburini, na kwamba mtu aliyekukosea akija amelishika, huwezi kumfukuza. Jani ni lilelile, lakini penye mpaka linasema kingine na mkononi mwa mkosaji linasema kingine. Wakishaliona hilo, wape riwaya na uwaulize kitu gani humo kinarudi tena na tena kama isale, na kila kinaporudi kinasema nini. Mtoto wa Kimeru au wa Kimaasai darasani humo naye ataleta cha kwao, msikilize. Kwenye mtihani mfano utatoka kitabuni. Jicho la kuutafuta linaweza kutoka kihambani.

Shikamoo. Tuna nakala mbili za kila kitabu na wanafunzi ni hamsini na wanne. Wanategemea madesa ya chambuzi, yaani vijitabu vya muhtasari. Nifanyeje?
*Mwalimu, Usa River*

Marahaba. Nimeyaishi hayo. Shule moja niliyofundisha tulikuwa na nakala moja ya riwaya, yangu. Nilisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, vipindi viwili vya kila wiki, na mwanafunzi mwenye sauti nzuri akanipokea nilipochoka. Mkuu wa shule alilalamika kwamba tunasumbua darasa la jirani na kwamba nachelewesha mada. Nikawahamishia chini ya jakaranda. Tulimaliza riwaya ile Novemba, maua yakitudondokea kwenye madaftari, na wanafunzi wote hamsini na kitu walijua nani alisema nini na wapi.

Madesa usiyapige marufuku, watayasoma kwa kificho. Waambie walete, halafu mtafute humo kosa moja kila wiki kwa kulinganisha na kitabu. Makosa yapo, majina ya wahusika hugeuzwa, matukio hurukwa. Wakishayakamata mawili matatu wataanza wenyewe kudai kitabu. Jioni wakati wa prepo nakala zako mbili zizunguke kwa zamu, sura moja kwa kundi, na kila kundi lisimulie sura yake asubuhi bila kushika karatasi. Jumamosi wapeleke maktaba ya mkoa wale wenye ruhusa ya kutoka. Na ukipita mjini niandikie kupitia jarida hili: ninazo nakala tatu za *Kinjeketile* na mbili za *Juliasi Kaizari*. Moja haina jalada, lakini kurasa zote zimo.